Kufufua Machiya ya Kyoto Kuwa Nyumba ya Wageni: Mwongozo Kamili Kuanzia Mawe ya Msingi

Dalali akikupeleka kuiona machiya, ataanza na uzuri: kimia cha fito za mbao kinachotazama mtaa, sebule ya mikeka, kijibustani cha nyuma chenye taa ya jiwe. Mwache aseme. Wewe nenda jikoni, omba ruhusa ya kuinua ubao mmoja wa sakafu, washa tochi, utazame pale nguzo zinapokutana na mawe. Bei halisi ya nyumba imeandikwa humo gizani.

Machiya ni nyumba ya mbao ya mjini, makazi na duka la wafanyabiashara na mafundi wa Kyoto. Jiji huitambua nyumba kuwa ya aina hiyo ikiwa ilijengwa kwa mbinu za jadi kabla ya 1950, mwaka ambao Sheria ya Viwango vya Ujenzi ya Japani ilianza kutumika. Hesabu ya jiji ya 2008 na 2009 ilikuta takriban nyumba 47,700. Ile ya 2016 ilikuta takriban 40,100. Ni kama nyumba mbili au tatu zinazoondoka kila siku. Nyingi kati ya zilizobaki si za kale sana kama wageni wanavyodhani, kwa sababu moto wa 1864, uliozuka katika mapigano ya lango la Hamaguri, uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Unachokinunua leo huenda kilijengwa enzi ya Meiji (iliyoanza 1868), Taishō, au miaka ya mwanzo ya Shōwa (iliyoanza 1926).

Kuna jambo moja nitalirudia mpaka ulichoke: nyumba hii ilijengwa ili ifunguliwe na kutengenezwa tena. Mlango unachomoka, mkeka unainuka, nguzo inakatwa mguu na kuungwa, udongo wa ukutani unalowekwa na kukandikwa upya. Kila uamuzi utakaoufanya upime kwa swali hilo: fundi atakayekuja miaka 40 baadaye ataweza kuufungua?

Ijue nyumba kabla ya kuigusa

Upana wa mbele mara nyingi ni mita 5 au 6, ilhali kina kinafika mita 20, 30 au zaidi. Wenyeji huliita umbo hilo kitanda cha mkunga, yule samaki mrefu. Hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba zamani kodi ilipimwa kwa upana wa mbele, watu wakaamua kujenga kwa kurefusha. Mbele palikuwa duka, katikati vyumba vya familia, na nyuma chumba rasmi cha wageni kinachotazama bustani. Upande mmoja hupita ukumbi wa sakafu ya udongo, toriniwa, kutoka mtaani hadi nyuma kabisa, na jiko limo humo. Juu ya jiko hapana dari: uwazi unapanda hadi kenchi, na moshi, mvuke na cheche vilipotelea huko.

Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar ataisoma ramani hii bila taabu. Biashara mbele, watu wa nyumbani ndani, uwazi wa kuvuta hewa katikati. Tofauti ni kwamba kule ukuta mnene wa mawe ya matumbawe ndio unaobeba boriti. Huku wanaobeba ni nguzo. Ukuta umejazwa tu katikati yao.

Nguzo zenyewe hazijafungwa chini. Kila moja imesimama juu ya jiwe lake, na zinashikana kwa mbao bapa zilizopenyezwa katikati ya nguzo kutoka moja hadi nyingine. Ardhi ikitikisika, fremu huyumba na udongo wa kuta hupasuka ukimeza sehemu ya nguvu. Sisi husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa uliokuja baada ya tetemeko maana yake ukuta umetimiza wajibu. Unauziba, naam, lakini usimtukane fundi. Ila ujuzi huo wote huishia pale miguu ya nguzo inapooza. Tetemeko la Kobe la 1995 liliangusha nyumba nyingi za mbao zilizokuwa na paa zito juu na miguu iliyoliwa na mchwa au unyevu chini. Ukilikumbuka hilo, mpangilio wa kazi utauelewa wenyewe.

Kipimo kingine cha kukariri: mkeka wa tatami wa Kyoto ni takriban sentimita 191 kwa 95.5, mkubwa kuliko ule wa Tokyo wa takriban 176 kwa 88. Nyumba za Kyoto zilipangwa kwa kufuata mkeka, nguzo zikawekwa pembeni mwake. Kwa hiyo mlango wa kuteleza wa nyumba iliyobomolewa mtaa wa pili una nafasi nzuri ya kuingia kwako kwa kupigwa randa kidogo tu. Wauzaji wa milango mikuukuu wapo. Wafahamu mapema.

Leseni kwanza, nyumba baadaye

Watu hununua nyumba kisha ndipo wanapouliza kama wanaweza kulaza wageni. Usifanye hivyo. Uliza kwanza kiwanja kimo katika ukanda gani wa matumizi ya ardhi, kwa sababu jibu hilo peke yake linaweza kuua mradi.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni leseni ya hoteli na ryokani, yaani nyumba ya wageni ya jadi ya Kijapani, chini ya Sheria ya Biashara ya Ryokani ya 1948. Tangu marekebisho ya Juni 15, 2018, idadi ya chini ya vyumba imefutwa, hivyo hata nyumba ya chumba kimoja inaweza kuipata. Chumba chenyewe kiwe na mita za mraba 7 au zaidi, au 9 kikiwa na vitanda. Ya pili ni leseni ya malazi mepesi chini ya sheria hiyohiyo. Kwa kawaida hudai mita za mraba 33 za eneo la kulala, lakini wageni wakiwa chini ya 10 unahesabu mita 3.3 kwa kila mgeni. Machiya nyingi zinazokodishwa nyumba nzima zilipitia mlango huu wa pili. Njia zote mbili zimefungwa katika maeneo yaliyotengwa kwa makazi pekee.

Ya tatu ni sheria ya kukodisha makazi, iliyoanza siku ileile ya Juni 15, 2018. Hii inaruhusu hata katika maeneo ya makazi, lakini kwa siku 180 tu kwa mwaka. Kyoto ilikaza zaidi: katika maeneo ya makazi pekee, kipindi kinachoruhusiwa ni kuanzia Januari 15 hadi Machi 16, yaani msimu wa baridi kali na wageni haba. Jiji limeacha upenyo kwa mwenyeji anayeishi humohumo na kwa machiya zinazotimiza masharti maalumu. Kama hesabu zako zinategemea upenyo huo, uthibitishe kwenye dirisha la ofisi ya jiji kabla ya kulipa hata yeni moja.

Kuna sharti jingine la Kyoto linalowashtua wanaopanga kuendesha nyumba wakiwa mbali. Msimamizi anatakiwa awepo wakati wageni wapo. Nyumba ndogo inayopokea kundi moja imelegezewa, lakini mtu wako lazima awe mahali anapoweza kufika ndani ya dakika 10 hivi, takriban mita 800. Kisanduku cha ufunguo mlangoni na namba ya simu ya Osaka havitoshi.

Kukagua: tochi, timazi na pua

Nenda siku ya mvua ukiweza. Chukua tochi, timazi, pima maji, bisibisi nyembamba na nguo za kuchafuka.

Chini ya sakafu, choma kila mguu wa nguzo kwa bisibisi. Mbao nzima hukataa. Iliyooza humeza chuma kama mkate. Kagua zaidi pembe za jikoni, bafu na choo, na ukuta uliogusana na jirani, kwa sababu maji hujificha huko. Vichuguu vyembamba vya udongo vinavyopanda juu ya jiwe ni njia za mchwa. Kumbikumbi wa aina ya kawaida ya huko huruka Aprili na Mei, basi ukiona mabawa yaliyopukutika kwenye kizingiti majira hayo, swali lako limejibiwa.

Ning'iniza timazi kwenye nguzo za mbele na za nyuma. Karibu kila machiya imeinama kidogo, na hilo lisikutishe. Kilicho muhimu ni kujua imeinamia wapi na kwa nini. Mara nyingi ilikuwa ikiegemeana na nyumba ya jirani ambayo sasa imebomolewa. Panda darini kupitia kabati la matandiko, ambalo ubao wake wa juu aghalabu unasukumika. Tafuta madoa ya maji, uone kama chini ya vigae kuna tabaka la udongo. Mapaa ya zamani yalilazwa vigae juu ya udongo, na uzito wake ni wa kutisha.

Usikatishwe tamaa na sura mbaya. Baada ya vita wengi walizifunika nyuso za nyumba zao kwa saruji au mabati ili zionekane za kisasa. Nyuma ya ganda hilo mara nyingi dirisha la asili la ghorofani, lenye vijiti vinene vilivyokandikwa udongo kama kizimba cha wadudu, bado lipo. Mimi ningechagua nyumba yenye uso wa bati na miguu mizima kuliko yenye uso wa picha na miguu iliyooza.

Halafu pima barabara. Kiwanja kinachostahili kujengwa upya ni lazima kiguse kwa mita 2 au zaidi barabara inayotambuliwa kisheria, kwa kawaida yenye upana wa mita 4. Machiya za vichochoroni hushindwa mtihani huu, na ndiyo maana ni rahisi. Zamani wanunuzi walijiambia: sawa, sitabomoa, nitakarabati. Tangu Aprili 2025 mambo yamebadilika: nyumba ya mbao ya ghorofa moja juu, ukitengeneza zaidi ya nusu ya sehemu kuu moja ya jengo kama vile nguzo, paa au ngazi, unahitaji kibali cha ujenzi. Kwa nyumba ya kichochoroni kibali hicho kinaweza kuwa kikwazo kikubwa. Mpeleke msanifu majengo anayezijua machiya kabla ya kutia saini. Chama cha mafundi cha Kyomachiya Sakujigumi, kilichoanzishwa 1999, ni mahali pazuri pa kubisha hodi.

Kununua au kupanga

Mgeni anaruhusiwa kununua ardhi na nyumba Japani bila kuwa raia wala mkazi. Lakini hati ya nyumba haikupi haki ya kuishi huko. Viza ya kuendesha biashara ilikazwa Oktoba 16, 2025: mtaji unaotakiwa ulipanda kutoka yeni milioni 5 hadi milioni 30, pamoja na kuajiri mtu angalau mmoja wa kudumu. Kwa mipango midogo ya familia, hili limebadilisha hesabu nzima. Aliyeoa au kuolewa huko, au mwenye ukazi wa kudumu, hana kikwazo hicho.

Ada ya dalali haitakiwi kuzidi asilimia 3 ya bei pamoja na yeni 60,000, juu yake kodi ya matumizi ya asilimia 10, ingawa nyumba za bei ya chini sana zina kiwango chake. Njia ya pili ni kupanga kwa mkataba wa muda maalumu, tuseme miaka 10 au 15: wewe unakarabati, mwenye nyumba anakupunguzia kodi. Mzee asiyetaka kuuza nyumba ya baba yake atakusikiliza zaidi kwa lugha hii. Andikeni wazi nani atalipa paa likivuja mwaka wa nane.

Ulizia pia kama nyumba ina faili lake la ukaguzi. Kituo cha mandhari na uendelezaji wa miji cha Kyoto hutoa faili la machiya linaloeleza historia na hali yake, mfano wa kadi ya kliniki ya mgonjwa. Linasaidia kwenye mikopo. Pia angalia kama nyumba imo kwenye orodha ya zilizoteuliwa chini ya sheria ndogo ya 2017 ya kuhifadhi machiya, na kama imo katika mtaa uliohifadhiwa kama Gion Shinbashi au Sanneizaka. Huko huwezi kubadili hata rangi ya nje bila ruhusa.

Kwa majirani, kabla ya nyundo

Nenda na mtu anayezungumza Kijapani vizuri na zawadi ndogo iliyofungwa kwa heshima, kwa nyumba mbili za kila upande, tatu za mbele na ya nyuma. Kyoto inataka bango la mradi libandikwe na majirani waelezwe kabla ya ombi la leseni, lakini ukisubiri sheria ikulazimishe umeshachelewa. Ukuta wako na wa jirani unaweza kuwa umetenganishwa na kiganja kimoja tu. Kilio cha masanduku ya magurudumu juu ya mawe saa sita za usiku kimewachosha watu wa mji huu, na wana haki. Jiunge na chama cha mtaa, ulipe ada, ujitokeze siku ya usafi.

Mifupa

Kwanza bomoa vilivyoongezwa: dari za mbao za plastiki, fremu za madirisha za alumini, ghorofa bandia iliyoziba uwazi wa jikoni. Kila mbao ya asili inayotoka iandikwe namba na kuhifadhiwa. Kisha ondoa vigae na udongo wa paa, funika nyumba kwa maturubai. Sasa fremu imepungua uzito na inaweza kuinuliwa.

Mafundi huweka jeki chini ya mihimili na kuinua polepole, milimita kwa milimita, wakisikiliza. Nguzo iliyooza hukatwa sehemu mbovu tu, na mguu mpya huungwa kwa kiungo cha kupachikana kilichochongwa kwa mkono, bila gundi wala bolti. Mbao ya chini huchaguliwa ile inayostahimili maji: mkangazi wa huko hakuna, wao hutumia hinoki, mti wa Kijapani wa jamii ya saipresi, au mchestinati. Mwisho wa mguu huchongwa kufuata mabonde ya jiwe lake mpaka mbao na jiwe vikutane bila mwanga kupita. Ukimwona fundi akirudia kuishusha na kuinua nguzo moja nusu siku nzima, usimharakishe. Mpelekee chai saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, kama ilivyo desturi ya mafundi wa huko, na mkuu wao umwite tōryō.

Miguu ikishapona, nyumba huvutwa kwa kamba na minyororo mpaka timazi ikubali. Kuta za zamani hukatwa kwanza pembeni, la sivyo zitapinga. Nguzo huunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa mihimili ya miguuni, na mahali penye ukuta mchache huongezwa ukuta wa udongo au paneli inayoyumba na fremu.

Hapa utakutana na ubishi. Mhandisi aliyesomea nyumba za kisasa atataka amwage zege na azipige nguzo bolti. Nyumba zilizojengwa baada ya kanuni za tetemeko za Juni 1981 husimama kwa ugumu. Machiya husimama kwa kuyumba. Ukiifunga miguu na kuiacha juu legevu, umechanganya mifumo miwili na nguvu zitatafuta pa kuvunja. Mtafute mhandisi anayefanya hesabu za uwezo wa mwisho wa fremu za jadi, na uulizie ruzuku za jiji za kuimarisha machiya dhidi ya tetemeko kabla kazi haijaanza. Ukianza kwanza, ruzuku huikosi kwa bahati mbaya. Unaikosa kwa kanuni.

Vigae vipya hulazwa juu ya fito bila udongo, na paa linapungua uzito sana. Safu ya ukingoni mwa mtaa iachwe ile ya jadi iliyonyooka kama mstari wa rula. Ukikuta kisanamu cha udongo chenye ndevu na upanga juu ya kipenu, ndiye Shōki, mfukuza mabaya. Mrudishe mahali pake, ila mgeuze kidogo asimkodolee jirani wa mbele.

Udongo

Msomaji aliyewahi kukandika nyumba kijijini hatahitaji maelezo mengi. Ndani ya fremu hufumwa mianzi iliyopasuliwa, ikafungwa kwa kamba ya majani ya mpunga. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na majani ya mpunga yaliyokatwa, huachwa uchachuke kwa wiki au miezi mpaka utoe harufu. Majani yakioza hutoa utomvu unaoshikamanisha. Wanakandika upande mmoja, udongo unapenya na kung'ata mianzi, kisha upande wa pili.

Usitupe udongo wa kuta za zamani. Uvunje, uloweke, uongeze majani mapya. Mafundi wengi wanaupenda kuliko mpya.

Muda ndio gharama kubwa. Koti la kwanza likauke kabisa, mwezi au zaidi, lipasuke litakavyo. Koti la kati husawazisha. La mwisho, jembamba, ndilo linaloonekana, na rangi maarufu ya Kyoto ni ya udongo wa Juraku, uliopewa jina la Jurakudai, kasri la karne ya 16 la Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani. Panga kazi hii isikutane na Januari, maana maji yakiganda ndani ya udongo mbichi ukuta huanguka vipande. Na usikubali mtu akupakie rangi ya plastiki juu yake. Ukuta wa udongo hunywa unyevu wa kiangazi na kuutema. Ukiuziba, unyevu utahamia kwenye nguzo ulizotoka kuziponya.

Maji, umeme na baridi ya kutoka chini

Haraka kidogo hapa, kwa kuwa fundi yeyote mzuri anajua kazi yake. Nyaya zote za zamani zitolewe. Bafu na choo viwekwe chini, upande wa nyuma au kwenye ukumbi wa udongo, juu ya sakafu ya zege iliyotengwa na nguzo, ili kuvuja kokote kuonekane mapema. Pipa la kuogea la hinoki linapendeza kwenye picha na linanukia vizuri, lakini lisipokaushwa kila siku huota ukungu. Kama huna mtu wa kulihudumia, kuta za hinoki juu na beseni la kawaida chini zinatosha.

Kyoto imo bondeni. Agosti joto hupita nyuzi 35, na Januari baridi hupanda kutoka sakafuni mpaka magotini. Nyumba ilifikiriwa kwa kiangazi: maji yakinyunyizwa mtaani au bustanini, hewa huvutwa kupita vyumba vyote. Kwa baridi, weka kihami joto chini ya sakafu na juu ya dari, kioo cha pili upande wa bustani, na sakafu ya kupasha joto kwenye ukumbi. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, chukua sakafu. Mgeni atasamehe ngazi za kusimama wima kama za ngalawa. Hatasamehe kulala akitetemeka.

Uwazi wa juu ya jiko usiugeuze chumba. Najua ni mita za mraba zinazolipa, lakini mgeni akiingia akainua macho na kuona mihimili ya misonobari iliyopindapinda, nyeusi kwa moshi wa miaka 100, hapo ndipo anapoelewa alichokilipia.

Uso wa nyumba

Fito za kimia cha mbele hupakwa bengara, unga mwekundu wa oksidi ya chuma uliochanganywa na mafuta na masizi. Jina lake limetokana na Bengal, kwa hiyo rangi ya mitaa ya Kyoto imebeba jina kutoka upande wetu wa maji, Bahari ya Hindi. Ipakwe nyembamba na kufutwa kwa kitambaa, mbao ionekane.

Bustani ya katikati ikiwa na kuvumwani, jiwe na mti mmoja, iache hivyo. Fagia, usiongeze.

Zimamoto, kisha mgeni wa kwanza

Ofisi ya zimamoto itembelewe wakati wa ramani, sio mwisho. Malazi ya ukubwa wowote yanatakiwa kuwa na mfumo wa kutambua moto unaojipigia king'ora. Kwa jengo lililo chini ya mita za mraba 300 upo mfumo mwepesi usiotumia nyaya, na huo ndio uokozi wa kuta zako za udongo. Utahitaji pia taa za kuonyesha njia ya kutokea, na mapazia na mazulia yasiyoshika moto kwa urahisi. Weka vizima moto hata kama eneo lako halifiki mita 150 zinazolazimisha. Wakikagua na kuridhika watakupa hati ya kutimiza sheria za moto, ambayo ofisi ya afya inaisubiri ili ikupe leseni. Jengo la hadi mita za mraba 200 halihitaji kibali cha kubadili matumizi tangu Juni 2019, lakini viwango vyenyewe bado vinakuhusu, usidanganywe.

Daftari la wageni litunzwe miaka 3: jina, anwani, mawasiliano, na kwa mgeni asiyeishi Japani, uraia na namba ya pasipoti. Kodi ya malazi ya Kyoto, iliyoanza Oktoba 2018, unaikusanya wewe kwa kila mtu kwa kila usiku. Viwango vipya vya Machi 2026 vinapanda hadi yeni 10,000 kwa vyumba vya bei ya juu kabisa. Takataka za biashara haziendi na za majumbani. Fanya mkataba na mzoaji mwenye kibali, vinginevyo majirani uliowapelekea zawadi watakuwa wa kwanza kukushtaki.

Mwongozo wa mgeni uwe ukurasa mmoja: viatu vinavuliwa wapi, godoro linatandikwaje, milango inateleza haisukumwi, sauti ishuke saa 3 usiku. Picha zinasaidia kuliko maneno.

Mwaka wa kwanza lala humo mwenyewe usiku kadhaa, wa Februari na wa Agosti. Mwezi Juni fanya walivyofanya wenye nyumba wa zamani: toa milango ya karatasi, weka ya matete inayopitisha upepo, tandaza mikeka ya henzirani juu ya tatami. Septemba irudishe ya baridi. Kabla ya kuipeleka stoo, andika kwa penseli ukingoni mwa kila mlango jina la chumba, upande, na ni wa ngapi kutoka kushoto. Maseremala waliojenga nyumba waliandika namba zao kwa wino kwenye nguzo na mihimili. Ukipanda darini na tochi, huenda utazikuta bado zinasomeka.